Wastani wa ukubwa wa matetemeko haulinganishi kanda mbili: tuchukue matawi mawili ya Bonde la Ufa

Mhimili (mleta mada) ameandika:

Wadau, heshima kwenu. Kuna zoezi linalopendwa sana na walimu wa jiografia na wa takwimu, ambamo mwanafunzi hutakiwa kushusha mtandaoni orodha ya matetemeko ya ardhi ya kanda mbili, kutafuta wastani wa ukubwa kwa kila ukanda, kuchora nguzo mbili kwenye karatasi ya grafu, kisha kueleza ukanda upi umezidi. Kwa kujifunza kujumlisha na kugawanya zoezi hilo linafaa. Kwa kulinganisha kanda mbili za dunia linapotosha, na ningependa tulijadili kwa undani, kwa kuwa sisi wenyewe tunaishi juu ya mfano mzuri kuliko ule wa California na Japani uliojaa vitabuni.

Tuanze na upotoshaji wenyewe. Katika orodha ya Shirika la Jiolojia la Marekani (USGS), California imezungukwa na vituo vingi vya kupimia kiasi kwamba hata mtetemo wa ukubwa wa 1, ambao hakuna binadamu anayeuhisi, huandikwa. Kwa Ziwa Tanganyika orodha hiyo hiyo huanza kuwa ya kuaminika kwenye ukubwa wa 4.5 hivi, kwa sababu vituo ni vichache na viko mbali. Mwanafunzi akikokotoa wastani atapata California kama 1.4 na Tanganyika kama 4.9, na ataandika kwa kujiamini kwamba matetemeko ya Tanganyika ni makubwa zaidi ya mara tatu. Amepima msongamano wa vituo bila kujua. Na hilo neno "mara tatu" halina msingi, maana ukubwa wa tetemeko hauna sifuri ya kweli; mitetemo midogo kabisa migodini na maabara hupata hata ukubwa wa hasi.

Namba nilizotaja hazikutoka hewani. Mwaka 1944 wataalamu wa matetemeko Gutenberg na Richter walionyesha kwamba idadi ya matetemeko hupungua kwa mpangilio ukubwa unapoongezeka: mahali pengi duniani, kwa kila tetemeko moja la ukubwa wa 6 au zaidi kuna takriban kumi ya 5 au zaidi na takriban mia ya 4 au zaidi. Mteremko huo huitwa b, nao mara nyingi huwa karibu na 1. Ukishakubali mpangilio huo, wastani wa ukubwa unakuwa tu kizingiti cha orodha yako, yaani ukubwa mdogo kabisa ulioingizwa kikamilifu, ukiongezewa 0.43 iliyogawanywa kwa b. Kizingiti kikiwa 1.0 unapata 1.43, kikiwa 4.5 unapata 4.93. Kumbe anayechagua kizingiti ameshachagua jibu kabla ya kufungua kikokotoo.

Sasa mfano wetu. Napendekeza masanduku mawili ya ukubwa sawa kwenye ramani. La magharibi lianzie latitudo nyuzi 9 kusini hadi nyuzi 1 kaskazini, na longitudo 28.5 hadi 31.5 mashariki; humo mna Tanganyika, Kivu na Ruwenzori. La mashariki lianzie nyuzi 6 kusini hadi 4 kaskazini, na longitudo 34.5 hadi 37.5, humo mna Manyara, Natron, Naivasha, Baringo na Turkana. Kila sanduku lina nyuzi 10 kwa 3, na kwa kuwa yote mawili yako karibu na ikweta, kila moja lina eneo la karibu kilometa za mraba 370,000, hivyo hatuna haja ya kusumbuliwa na tofauti za eneo.

Hoja yangu ni kwamba kinachostahili kutafutiwa wastani ni idadi ya matetemeko kwa mwaka, juu ya kizingiti kimoja kwa masanduku yote mawili. Karibuni.

Daftari la Hesabu ameandika:

Mkuu, umeeleza vizuri, lakini naona umeuhukumu wastani kwa ukali kupita kiasi. Ikiwa kanda zote mbili zimewekewa kizingiti kimoja, tuseme 4.5, je, wastani wa ukubwa hauwi halali? Ukanda wenye wastani wa 5.0 si unazidi ule wenye 4.8?

Mhimili ameandika:

Unakuwa halali, ila unajibu swali jingine. Mwaka 1965 mtaalamu wa matetemeko Aki alionyesha kwamba, pale kizingiti kinapojulikana, b hupatikana kwa kugawanya 0.434 kwa tofauti kati ya wastani na kizingiti. Kwa hiyo wastani wako wa 5.0 na ule wa 4.8 ni njia nyingine ya kusema kwamba ukanda mmoja una uwiano mkubwa zaidi wa matetemeko makubwa kwa madogo. Haukuelezi yanatokea mangapi. Ukanda wenye matetemeko kumi kwa miaka hamsini unaweza kuwa na wastani sawasawa na ukanda wenye elfu moja.

Hata hapo kuna mitego miwili. Orodha nyingi huandika ukubwa kwa desimali moja, kwa hiyo tetemeko la 4.5 lilikuwa mahali fulani kati ya 4.45 na 4.55, na kizingiti cha kutumia katika hesabu ni 4.45. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini kwa wastani wa 4.93 b hushuka kutoka 1.01 hadi 0.90, na kuna watu ambao wangeandika ukurasa mzima kuhusu tofauti hiyo. Mtego wa pili ni uchache wa data: mashaka ya b ni takriban b yenyewe ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi. Kwa matetemeko 25 mashaka ni 0.2. Tawi letu la mashariki, ukianzia 4.5, halina utajiri wa data wa kukuruhusu kutofautisha 0.9 na 1.0.

Halafu angalia safu ya aina ya ukubwa katika orodha. Matetemeko yetu mengi ya kati ya 4 na 5 yamepimwa kwa mawimbi yanayopita ndani ya dunia, yaani mb, ilhali makubwa yamepimwa kwa Mw inayotokana na kiasi cha mwamba uliovunjika na kuteleza. Vipimo hivi hukaribiana katikati, kisha mb hushiba na kuacha kupanda kadiri tetemeko linavyokaribia 6 na kulipita. Kuvichanganya kwenye safu moja na kutafuta wastani ni kazi ya kutiliwa shaka, ingawa kila mtu hufanya hivyo.

Kagera Kwetu ameandika:

Naomba nitoe mchango kutoka upande wetu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lililobomoa nyumba Bukoba na kuua watu lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Nimeangalia sanduku la mleta mada, linaloishia longitudo 31.5, na kitovu cha tetemeko hilo kilikuwa karibu na 31.6. Yaani tetemeko lililotikisa mkoa wetu, na ambalo kila Mtanzania analikumbuka, halimo katika sanduku la magharibi, na halimo katika la mashariki pia. Limeanguka katikati. Je, hiyo ni haki?

Pia naona ajabu moja. Tetemeko la Gelai, karibu na Ziwa Natron, la tarehe 17 Julai 2007 lilikuwa 5.9. La Bukavu na kusini-magharibi mwa Rwanda, tarehe 3 Februari 2008, lilikuwa 5.9 vilevile, nalo liliua watu wengi. Wastani wa hayo matatu ni 5.9, lakini Gelai watu wa Nairobi walitoka maofisini wakiwa na hofu, na eneo lenyewe lina wakazi wachache tu. Wastani unaficha yote hayo.

Mhimili ameandika:

Ndugu yangu wa Kagera, umegusa mahali penyewe hasa. Sikulisogeza sanduku makusudi, ili jambo hili lionekane. Kila mpaka uliochorwa kwa rula utakata kitu, na dawa yake ni kufanya hesabu mara kadhaa ukisogeza mpaka nusu nyuzi huku na huku. Jibu likibadilika kwa kiasi kikubwa, basi halikuwa jibu. Katika suala la nani anazidi, kuongeza tetemeko moja la Kagera upande wa magharibi hakubadilishi mwelekeo. Lakini kama ungekuwa unalinganisha Kagera na Mwanza, tetemeko hilo moja lingekuwa ndilo hesabu yote. Jambo lisiloruhusiwa ni kuangalia kwanza vitovu vilipo, kisha kupindisha sanduku livizunguke vile unavyovipenda.

Kuhusu 5.9 zako tatu, mfano huo ningeuweka kwenye kitabu cha kiada. Ukubwa ni sifa ya chanzo. Madhara hutegemea kina, udongo, ujenzi na watu waliopo juu. Tetemeko la Kagera liliwekwa kwenye kina cha takriban kilometa 40, ndani kabisa ya ganda la dunia, wakati mitetemo ya Gelai ilikuwa ya juu juu na iliambatana na magma iliyokuwa ikijipenyeza kwenye nyufa. Wiki chache baadaye, Septemba 2007, Ol Doinyo Lengai ikalipuka kwa nguvu. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha hatari kwa watu, grafu ya ukubwa peke yake haitoshi hata ukiichora vizuri namna gani.

Kina cha Ziwa ameandika:

Kwa kuwa mmetaja kina: nilidhani kina ndicho kingefaa zaidi kwa wastani, kwa sababu ni kilometa za kawaida zisizo na logarithimu. Nimesoma kwamba tawi la mashariki katikati ya Kenya lina matetemeko ya juu juu na kwamba magharibi kuna ya kina kirefu. Wastani wa safu ya kina hautuonyeshi hivyo?

Mhimili ameandika:

Ungetuonyesha, kama safu hiyo ingekuwa imepimwa. Chora histogramu ya kina kabla ya kukokotoa chochote, nawe utaona minara miwili imesimama peke yake: mmoja kwenye kilometa 10.0 na mwingine, hasa kwa miaka ya zamani, kwenye 33.0. Hizo ni namba ambazo mchambuzi huziweka pale data inaposhindwa kumwambia kina, kwa sababu kituo cha karibu kiko kilometa mia kadhaa mbali. Wastani wa safu hiyo unachanganya vipimo na makisio ya mezani, na mediani nayo haisaidii, maana huenda ikaangukia hapo hapo kwenye 10.

Ukiondoa mistari yenye kina kilichobandikwa, unabaki na matetemeko machache lakini ya kweli. Tafiti zilizotumia vituo vya muda vilivyotandazwa karibu karibu, kama jaribio la Tanzania la mwaka 1994 hadi 1995, ndizo zilizothibitisha kwamba chini ya Rukwa na Tanganyika kuna matetemeko ya kina cha kilometa 30 na zaidi. Usifikiri hata hivyo kwamba mashariki yote ni ya juu juu: Manyara kuna ya kina kirefu pia, ilhali bonde la katikati ya Kenya, kwenye joto na volkeno nyingi, ni ya juu. Ukichukua wastani wa tawi zima la mashariki utapata kina ambacho si cha Manyara wala cha Bogoria.

Goma Bila Usingizi ameandika:

Sisi wa Goma tuna swali. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitetemeka mchana na usiku kwa siku nyingi, hadi sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Mitetemo ile ikiingizwa kwenye hesabu, mwaka 2021 utaonekana kama Kivu iligeuka kuwa nchi nyingine. Isipoingizwa, mtasema hatukutetemeka. Mwafanya nini nayo?

Mhimili ameandika:

Poleni kwa yaliyowapata, na swali lenu ni zito. Mingi ya mitetemo ile ilikuwa chini ya 4.5, kwa hiyo orodha ya dunia yenye kizingiti hicho inabaki na michache tu, wakati orodha za vituo vya hapo Kivu zina mingi sana. Huwezi kuchukua orodha ya wenyeji kwa magharibi na orodha ya dunia kwa mashariki, maana utarudi kwenye kosa la California.

Kuhusu mfululizo wenyewe, napendelea kwanza kuuona kabla ya kuamua. Chora tarehe kwenye mhimili wa mlalo, na kwenye mhimili wa wima uweke idadi iliyolimbikizwa, yaani kila tetemeko likiongeza moja juu ya yaliyotangulia. Ukanda unaotetemeka kwa mwendo ule ule hutoa mstari unaopanda bila kukatika. Mfululizo kama wa Gelai 2007 au Goma 2021 hutoa ngazi ya ghafla, kisha mstari hurudia mteremko wake. Mteremko wa sehemu zisizo na ngazi ndio wastani wa kila mwaka unaoweza kulinganishwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo grafu yenye manufaa kuliko zote katika zoezi hili, na sijui kwa nini hufundishwa mara chache.

Wapo wanaochuja mitetemo ya baadaye kwa kanuni maalumu. Gardner na Knopoff waliweka kanuni yao mwaka 1974, ya kuondoa kila kilicho karibu na tetemeko kubwa kwa umbali na kwa siku, wakauliza kama matetemeko ya kusini mwa California, yakishachujwa, huja bila mpangilio wowote kati yao. Muhtasari wa makala yao ulikuwa na neno moja tu: ndiyo. Ila madirisha yao, yaani mipaka hiyo ya umbali na siku, yalipimwa kwa California, na mfululizo wa magma hauna tetemeko kuu la kuufuata, hivyo kwa Goma na Gelai ningeonyesha matokeo ya aina zote mbili, kabla ya kuchuja na baada.

Rangi na Nguzo ameandika:

Mimi ni mtu wa michoro. Nimeona grafu nyingi za kulinganisha kanda mbili zikiwekwa pembeni kwa pembeni, kila moja ikiwa na skeli yake ya wima, moja ikiishia 10 na nyingine 200. Jicho husoma nguzo zimelingana. Hilo peke yake linatosha kuharibu kazi nzuri. Napendekeza mhimili mmoja wa wima kwa kanda zote, na uwe wa logarithimu.

Mhimili ameandika:

Nakubaliana nawe kikamilifu. Kwenye mhimili wa logarithimu, idadi ya matetemeko ya kila ukubwa na zaidi yake huonekana kama mstari unaoshuka, na kanda mbili huwa mistari miwili: umbali wa wima kati yao ni tofauti ya wingi, na mwinamo wao ni b. Faida ya ziada ni kwamba kizingiti hujionyesha chenyewe. Upande wa kushoto mstari huacha kupanda na kulala. Hapo ndipo orodha ilipoanza kukosa matetemeko madogo. Kama mstari wa mashariki unalala kuanzia 4.2 na wa magharibi kuanzia 4.6, tumia 4.6 kwa wote.

Na kila nguzo iwe na mashaka yake. Kwa mfano wa kubuni tu, tuseme magharibi yamehesabiwa 64 kwa miaka 40 na mashariki 9. Kipeuo cha pili ni 8 na 3, kwa hiyo wastani wa mwaka ni 1.6 kwa 0.2 huku na huku, na 0.23 kwa 0.08 huku na huku. Mistari ya mashaka haigusani, na hapo una haki ya kusema kanda zinatofautiana.

Daftari la Hesabu ameandika:

Basi tufunge hesabu, Mkuu. Magharibi inazidi mashariki au haizidi? Na nishati je, maana nimesikia ukubwa ukiongezeka kwa 1 nishati huongezeka mara 32?

Mhimili ameandika:

Kwa idadi, magharibi inazidi, na jambo hilo linajulikana miaka mingi. Mashariki ndiko kwenye volkeno nyingi zaidi. Kwa nishati inabidi twende taratibu. Ni kweli kwamba hatua moja ya ukubwa ni takriban mara 32, na kwa sababu hiyo wastani wa kawaida hauwezi kuiwakilisha. Chukua matetemeko manne: 4, 4, 4 na 7. Wastani wa ukubwa ni 4.75. Ukigeuza kila moja kuwa nishati, ukatafuta wastani wa nishati, kisha ukairudisha kuwa ukubwa, unapata 6.6, kwa sababu yale matatu madogo hayahesabiki mbele ya lile moja.

Sasa tazama matawi yetu. Magharibi kuna Rukwa, tarehe 13 Desemba 1910, lililokadiriwa kuwa 7.4, na Tanganyika, tarehe 5 Desemba 2005, la 6.8. Mashariki kuna Subukia, tarehe 6 Januari 1928, la 6.9, lililopasua ardhi kando ya ukingo wa Laikipia na Marmanet. Ukianza hesabu yako mwaka 1970, kama wengi wafanyavyo kwa kuwa orodha huwa bora kuanzia hapo, Subukia haimo, na mashariki inaonekana kama mahali ambapo 5.9 ya Gelai ndiyo kubwa sana. Subukia pekee ni sawa na Gelai zipatazo 32. Ukianza mwaka 1900, Subukia inarudi, lakini Rukwa nayo inaingia, ikiwa na nishati karibu mara sita ya Subukia. Kwa hiyo jumla ya nishati ya kila tawi ni tetemeko moja au mawili yaliyovaa joho la wastani, na ningekataa kuichorea nguzo. Ningeweka nukta: mwaka kwenye mlalo, ukubwa kwenye wima, rangi moja kwa kila tawi, ili msomaji aone jinsi makubwa yalivyo machache na yalivyotawanyika.

Mwanafunzi wa Songea ameandika:

Mwalimu, shikamoo. Nina Excel tu na simu ya kushushia data. Nianzie wapi?

Mhimili ameandika:

Marahaba. Excel inatosha. Kwenye tovuti ya USGS weka mipaka ya sanduku la kwanza, ukubwa wa chini 4.5, tarehe kuanzia 1 Januari 1976, kisha uchague CSV. Rudia kwa sanduku la pili. Panga kila jedwali kwa tarehe, ongeza safu ya namba kuanzia 1 hadi mwisho, na uchore safu hiyo dhidi ya tarehe, kanda zote mbili kwenye mchoro mmoja. Hiyo ndiyo grafu ya limbikizo. Kwa ile ya ukubwa, tumia COUNTIF kuhesabu yaliyofikia 4.5 na zaidi, 4.6 na zaidi, na kuendelea, halafu ubadili mhimili wa wima uwe wa logarithimu kwenye mipangilio yake. Chini ya kila mchoro andika jina la orodha, mipaka ya masanduku, miaka, kizingiti, kama mitetemo ya baadaye imechujwa, na siku uliyoshusha data. Siku hiyo ni muhimu, kwa sababu orodha hizi hurekebishwa: kituo cha kimataifa cha ISC kilichoko Uingereza hukamilisha mapitio yake takriban miaka miwili baada ya tetemeko kutokea, na mtu atakayerudia kazi yako mwakani anaweza kupata idadi tofauti kidogo na yako. Ukimaliza, ziweke hapa grafu zako tuzitazame.